Hesabu za Bomba la Rada Zinapokataa Kutimia

Rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliyoko Kiseke, wilayani Ilemela, hutazama mvua na dhoruba za Ziwa Victoria kwa ajili ya wavuvi na manahodha. Na katika rada za jinsi hiyo aghalabu nguvu haipitishwi kwa waya, bali katika bomba la metali la pembe nne, tupu ndani, ambalo nadharia yake ilitolewa na Lord Rayleigh mwaka 1897. Mhandisi kijana atakaye kulielewa hana haja ya kulifungua, kwani aweza kulichora katika kompyuta, na programu ikaugawa uwazi wake katika vipande vidogo vidogo na kutafuta jawabu la milinganyo ya Maxwell, ile ya umeme na sumaku. Mara nyingi, badala ya jawabu, hupata ilani kwamba lango, yaani mdomo wa bomba ambapo wimbi huingizwa au kutolewa, halina wimbi lipitalo, au kwamba hesabu haikutulia, na hapo wengi hukimbilia kutafuta kompyuta kubwa zaidi, ilhali taksiri, kwa rai yangu, imo katika yale tuliyoiambia programu.

Twaa bomba liitwalo WR-284, mashuhuri kwa rada za mawimbi ya sentimita 10, ambayo huhimili mvua nzito kuliko mawimbi mafupi. Upana wake wa ndani ni milimita 72.14, na wimbi halipiti humo ila urefu wake hewani ukiwa chini ya upana huo mara mbili, yaani masafa yazidi gigahezi 2.08; chini ya hapo hufifia, wala hakuna kompyuta itakayolipitisha. Aliyeandika 72.14 ilhali programu yahesabu kwa inchi amejenga bomba la karibu mita 2, ambamo mawimbi ya namna nyingi hupita pamoja na kulivuruga lango lililoandaliwa kwa namna moja tu.

Lango nalo lataka sehemu iliyonyooka: likiwa karibu mno na kona, mawimbi yafifiayo hulifikia kabla hayajafa, na vipimo vyote vikaharibika. Kwa gigahezi 2.8 wimbi la ndani lina urefu wa sentimita 16 hivi, si 10.7 kama hewani, na nusu yake yatosha aghalabu kuwa umbali wa salama.

Kwa hiyo ondoa kona, viungo na skrubu zote, ubaki na bomba nyoofu, ambalo jawabu lake lapatikana kwa kalamu na karatasi: wimbi litoke lote, lisirudi, na likamilishe mzunguko mmoja kila sentimita 16. Programu ikikosea hapo, usiendelee. Ikipatia, rudisha kiungo kimoja kimoja, na kila mara jumlisha nguvu iliyorudi na iliyopita, zikihesabiwa kama sehemu ya iliyoingia. Kuta zikiwa hazinywi nguvu, sharti jumla iwe 1, na ikizidi, kagua lango kwanza, kisha vipande vya penye ncha kali.