Jimbi na Mshale

Jimbi kwetu ni mgeni wa Ramadhani. Hutiwa tui, likaandaliwa pamoja na muhogo na tambi, na likikosekana watu hufuturu vilevile. Si hivyo kwa Watelefolmin, watu wa milima ya Papua Guinea Mpya, wakaao kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Kwao jimbi ndicho chakula. Vilivyobaki ni vitoweo.

Kilimo hiki si cha jana. Katika kinamasi cha Kuk, karibu na Mount Hagen, mabaki ya wanga wa majimbi yameonekana kwenye zana za mawe za miaka kama 10,000 iliyopita. UNESCO ilipatia Kuk katika urithi wa dunia mwaka 2008.

Mtelefolmin hufyeka msitu, akatoboa ardhi kwa mti uliochongwa ncha, akatumbukiza mche. Mche wenyewe ni kichwa cha jimbi lililovunwa pamoja na mabua yake: mwili huliwa, kichwa hurudi udongoni. Marehemu bibi yangu alifanya vivyo hivyo kando ya kisima, wala Papua hakuisikia. Na kwa kuwa jimbi likishang'olewa halikawii kuoza, hakuna cha kuweka ghalani. Hupandwa mfululizo, huvunwa la kutosha siku mbili tatu.

Mwanachuoni Dan Jorgensen, aliyekaa nao, aliandika mwaka 1981 kwamba ibada zao za kale zilikuwa na pande mbili. Upande wa Jimbi ulishughulikia mashamba na ufugaji wa nguruwe (hao tuwaachie wenyewe), na upande wa Mshale vita na mawindo. Asili ya yote wakimtaja Afek, bibi wa kale, na kijiji chake Telefolip.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukazuka uamsho wa Kikristo, na vitu vya ibada vikatolewa katika nyumba nyingi. Kisha mgodi wa Ok Tedi ukaanza kazi mwaka 1984, vijana wakafuata mishahara, na mchele wa dukani ukapanda mlima. Kiazi kitamu nacho, chenye asili ya Marekani ya Kusini, kilikwisha kulisukuma jimbi kando katika sehemu kubwa ya nyanda hizo, kwa kuwa huvumilia baridi na udongo uliochoka.

Watelefolmin wana majimbi ya aina nyingi, kila aina na jina lake. Juzi sokoni nilimwuliza muuzaji, mwanangu, haya ni aina gani? Akanitazama. "Majimbi tu, mzee."