Matairi na Dizeli ya Chama: Jinsi ya Kuchagua Tairi la Badala



Katika chama kimoja cha msingi nilichokikagua, mkutano mkuu ulikaribia kugeuka baraza la kumhukumu dereva. Daftari la safari lilionyesha kwamba lori la chama, lililokuwa likienda kilomita sita kwa lita moja ya dizeli, sasa halikuzidi tano na nusu. Wanachama wakasema dereva anauza mafuta njiani. Nilipolinganisha tarehe, niliona kwamba matumizi yalianza kupanda wiki ileile lori lilipofungwa matairi sita mapya, yaliyonunuliwa kwa sababu moja tu: bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Yalikuwa na meno marefu ya kukanyagia matope, na upepo haukuwa umepimwa tangu siku ya kufungwa. Tulijaza upepo upasavyo, na sehemu ya upungufu ule ikarudi. Sehemu iliyosalia ilikuwa ya matairi yenyewe, wala si ya dereva.

Kwa kuwa jambo hili laweza kutokea katika chama chochote, yafaa tulielewe.

Kwa nini tairi hula mafuta

Tairi lenye mzigo hubonyea pale linapogusa ardhi, kisha hujinyoosha linapoinuka. Mpira haurudishi nguvu yote iliyoubonyeza. Nyingine hupotea kwa njia ya joto. Ndiyo maana tairi huwa la moto baada ya safari, na joto hilo limelipiwa kwa dizeli. Kwa gari dogo, ukinzani huo ukipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, mafuta yanayookolewa ni kati ya asilimia 1 na 2. Kwa lori lenye mzigo, ambalo laweza kutumia hadi theluthi ya mafuta yake kuushinda ukinzani huo, faida ni kubwa zaidi.

Mambo ya kutazama dukani

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2007, na leo madukani mna matairi ya nje ya majina mengi. Katibu asitegemee jina pekee. Na atazame haya:

1. Herufi R. Tairi lililoandikwa 7.50R16 si sawa na lililoandikwa 7.50-16. Katika lile lenye R, nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda huushikilia uso wake usicheze. Katika lile lenye kistari, nyuzi hukatizana mshazari, nalo hupata joto zaidi. Lenye R hutumia mafuta kidogo. Aina hizi mbili zisifungwe kamwe katika ekseli moja.

2. Meno. Lori linalopeleka tumbaku Tabora mjini kwa barabara za lami, kama ile ya Urambo au ya Nzega, wakati wa kiangazi, halina haja ya meno marefu. Uso wenye mistari huteleza vizuri zaidi juu ya lami. Lakini pembejeo zikipelekwa masika kupitia mbuga za udongo mweusi, au gari likipita njia za porini zenye visiki, tairi jepesi la lami litachanika mapema, na akiba ya mafuta itaishia kwa fundi wa pancha. Lori lenye kazi zote mbili lafaa kuwa na mistari mbele na meno ya wastani nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma.

3. Uwezo wa kubeba. Namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni isiwe chini ya ile inayotakiwa na mtengenezaji wa gari.

4. Ukubwa. Tairi kubwa kuliko la awali huenda mbali zaidi katika kila mzunguko, na mita huonyesha kilomita pungufu. Hapo dereva huonekana mwizi kwa kosa la hesabu.

5. Umri. Tafuteni tarakimu nne ubavuni: 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Msinunue tairi lililozeeka ghalani.

Hesabu ya kuweka mbele ya Bodi

Tuchukue mfano wa lori linalokwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, kilomita sita kwa lita. Litatumia lita 3,333 hivi. Matairi yanayookoa asilimia 3 yatabakiza lita 100 kila mwaka. Zidisheni lita hizo kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha mlinganishe na tofauti ya bei ya matairi kwa muda wote yanaotarajiwa kudumu. Hesabu hiyo iandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na bei za maduka yasiyopungua matatu, ili mwanachama ajue kwa nini fedha zake hazikununua tairi rahisi.

Baada ya kufunga

Tairi bora lisilo na upepo wa kutosha ni hasara sawa na tairi baya. Chama kiwe na geji yake. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari. Usipunguzwe tairi likiwa la moto. Matairi pacha ya nyuma yawe na kimo kimoja na upepo mmoja, ama sivyo moja litabeba mzigo wa mwenzake.

Fahamuni pia kwamba tairi jipya, kwa wingi wa mpira wake, hula mafuta zaidi kidogo kuliko lililolika. Hiyo si ruhusa ya kutembelea vipara, ambavyo ni hatari kwa roho za watu. Ni sababu ya kutomhukumu dereva katika mwezi wa kwanza.

Kila tairi linapobadilishwa, andikeni katika daftari la safari tarehe, ukubwa, aina na kilomita za siku hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na lita moja moja hujaza pipa. Mstari huo mmoja wa daftari utalinda fedha ya mkulima, na siku moja waweza kulinda jina la mtu asiye na hatia.