Je, Wajua? Mota ya Waipa Inavyolidanganya Sikio

Gari ikichoka Mtoni, Unguja, injini hupata mnunuzi, na milango na taa vivyo hivyo. Mota ya waipa ndiyo aghalabu huishia kwenye rundo la skrepa, ikapimwa kwa kilo pamoja na rimu zilizoliwa na chumvi ya bahari, thamani yake ikiwa ni ile shaba kidogo iliyomo ndani. Ni hasara kubwa. Mafundi wa nyumbani katika nchi nyingi huitafuta mota hiyohiyo kutengenezea kiti cha michezo ya mbio za magari, kiti kinachoinama na kutikisika kufuata gari lililo kwenye skrini.

Ndani yake mna mhimili wenye hesi kama parafujo, unaozungusha gia kubwa polepole. Kasi hupungua, nguvu huongezeka. Isitoshe, gia ya namna hiyo ni ngumu kurudishwa nyuma, kwa hiyo uzito wa mchezaji hauiyumbishi hovyo.

Wengi hudhani kiti lazima kirushwe huku na huko. Sivyo kabisa. Sikioni mna vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyolalia vinyweleo. Gari ikichomoka, vijiwe husalia nyuma. Kichwa kikiinamishwa nyuma, huelemea upande huohuo. Vijiwe peke yake haviwezi kuyatofautisha mambo hayo mawili, hivyo ubongo hungoja jicho liamue. Jicho likiona barabara inakuja mbio huku kiti kikilala nyuma, ubongo husadiki kuwa gari imekanyagwa mafuta. Mlalo wa nyuzi 10 tu hutoa msukumo wa takriban asilimia 17 ya mvuto wa dunia. Nyuzi 30 hutoa nusu ya mvuto huo. Sharti ni kuinamisha taratibu, nyuzi mbili tatu kwa sekunde, kwani pembeni ya vijiwe ipo mifereji mitatu yenye majimaji inayonasa mzunguko wa haraka. Kisha kiti hurudishwa katikati kwa kunyatia, mchezaji asijue. Anayerefusha mikono ya mota ili kiti kiruke zaidi anaharibu kazi, na mchezaji huishia kusikia kichefuchefu.

Hila hizi zina ukoo. Mwaka 1929, Edwin Link wa Marekani alitengeneza chombo cha kufundishia marubani kwa mivukuto ya vinanda, kwani baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda.

Kiti cha nyumbani hutaka mota mbili nyuma ya kiti, kiungo cha shafti ya gari chini yake, kipimio kama kile cha kuongezea sauti ya redio kwenye kila mota, na kibao cha kielektroniki cha Arduino kinachopokea takwimu za mchezo na kuziamuru mota. Mchezo wa kompyuta wa EA Sports WRC wa mwaka 2023 una Safari Rally ya Kenya, mashimo na vumbi vyote. Kitufe cha kukatia umeme kisikosekane.

Mota hutumia volti 12, basi betri ya gari huitosha. Kwa Unguja, iliyokaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 waya wa umeme kutoka bara ulipoharibika, hilo si jambo dogo.

Mota hiyo pia hugeuza mayai kwenye kiangulio, huvuta geti, huzungusha nyama juu ya makaa. Anayeikuta rundoni aijaribu kwa betri kwanza, kabla haijapanda mizani.