Masizi Juu ya Jani la Mndimu

Majani ya mndimu yakitanda weusi, wengi hukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa ya weusi huo. Hurudi na sumu ya ukungu, ya wadudu, au zote mbili. Kumbe weusi wenyewe haujaingia ndani ya mti. Lowesha kidole usugue: masizi yanabanduka, na chini yake jani ni kijani vilevile. Linachokosa ni mwanga tu.

Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya sukari. Ukitaka kujua sukari imetoka wapi, angalia majani na vijiti vilivyo juu ya yale yaliyochafuka, na uyageuze. Utakuta vidukari waliojazana kwenye machipukizi, wadudu magamba waliojibandika kando ya mshipa wa kati, au vidung'ata waliojivika unga mweupe. Hawa hufyonza utomvu unaobeba chakula cha mmea. Utomvu huo una sukari tele lakini nitrojeni haba, basi mdudu hulazimika kufyonza mwingi ndipo apate nitrojeni ya kumtosha. Sukari iliyozidi huitoa kwa matone ya kunata, nayo hudondokea majani ya chini.

Penye matone hayo hapakosi sisimizi. Hulamba utamu na kuwalinda wanaoutoa: huwafukuza mbawakawa wadogo wenye madoa wanaokula vidukari, na huwasumbua nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani ya miili ya vidung'ata. Kwa hiyo tiba ya weusi wa majani huanzia kwenye shina. Zungushia shina utepe wa plastiki, upake grisi juu ya utepe na si juu ya gome, kisha pogoa kila tawi linalogusa ukuta au mti wa jirani. Tawi moja tu likiachwa, kazi yote imepotea bure.

Sisimizi waitwao majimoto wanahitaji busara zaidi. Kwenye minazi ya Zanzibar na Pwani ni walinzi wazuri, kwa kuwa huwakabili kunguni wanaofyonza nazi changa hadi zikaanguka. Hao hao wakihamia mndimuni hufuga magamba. Sioni sababu ya kuwaua. Inatosha kuwazuia wasiupande mti huo.

Wadudu wakishakosa walinzi, wapunguze kwa maji ya sabuni ya kawaida isiyo na madawa ya kung'arisha nguo: kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache, subiri siku moja, kisha pulizia jioni upande wa chini wa majani. Sabuni huua mdudu inayemgusa tu, na ikishakauka haimdhuru nyigu atakayetua kesho. Hapo ndipo inapoishinda sumu kali. Kisa cha California kinaonyesha hivyo: mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alitumwa Australia kutafuta maadui wa magamba yaliyokuwa yakiangamiza michungwa ya huko. Mbawakawa aliowapeleka California waliyadhibiti magamba hayo katika muda mfupi. Miaka ya 1940 wakulima walipoanza kupulizia sumu ya wadudu ya DDT, mbawakawa walikufa na magamba yakarudi kwa kishindo. Mimi siwezi kuisoma habari hiyo kisha nikapulizia sumu bustanini kwa kubahatisha.

Majani ya njano nayo yana kisa chake, na cha kutazama kwanza ni umri wa jani. Majani makuukuu ya chini yakitangulia kupauka, mara nyingi mmea umepungukiwa nitrojeni: unaihamisha kutoka huko kwenda kwenye machipukizi. Samadi iliyoiva inatosha. Yakipauka machanga ya juu huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi kinachokosekana ni chuma, ambacho mmea hauwezi kukihamisha kwa urahisi. Haibiskasi nyingi za mwambao huumwa hivi. Udongo uliotokana na mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na chuma kilichomo hushikwa kisiyeyuke, mizizi isikipate. Wanaomwaga majivu ya jikoni hapo huzidisha ugonjwa, kwani majivu nayo yana tabia ya chokaa. Weka mboji na matandazo, bila kugusa shina. Panapokuwa na mwamba mtupu, panda kwenye chungu kikubwa chenye udongo mwingine.

Majani yakiwa na vitone vidogo vilivyopauka, yagonge juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, huo ni utitiri, unaostawi penye joto na ukavu. Yaoshe kwa maji ya nguvu upande wa chini, urudie baada ya siku chache.

Na mmea ukinyauka ilhali udongo umelowa, usiongeze maji wala mbolea. Mizizi inakosa hewa. Chimba mfereji maji yatoke, kwangua gome kwa ukucha, na ukiona kijani chini yake, subiri machipukizi kabla ya kuulisha tena.