Vicheza-muziki vya mfukoni: Tusiuziwe mbuzi ndani ya gunia

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyejiandaa barabara kwa mtihani wa fasihi atakutajia, pasi na kusita, faida za kinasa sauti katika utafiti wa fasihi simulizi. Atakuambia kwamba chombo hicho huhifadhi kiimbo cha fanani, kwamba kinaweza kurejelewa, na kwamba hakisahau kama asahauvyo binadamu. Atakutajia na udhaifu wake pia: hakionyeshi ishara za uso, na kinaweza kuharibika. Majibu hayo yote ni sahihi na alama zake atapata. Lakini muulize kama amewahi kukishika kinasa sauti chenyewe, akibonyeze, asikie sauti ya nyanya yake ikimrudia kutoka ndani ya kidude. Wengi watainamisha macho.

Fikira hizi zilinijia siku moja nikiwa Olenguruone, nimesimama mbele ya kibanda cha kuuzia vifaa vya simu huku baridi ya Mau ikinipenya makotini. Kijana mwuzaji alikuwa ametundika vidude vya muziki mithili ya mishikaki: vya buluu, vya waridi, vyenye taa za kumetameta, vyenye redio na vipaza sauti vidogo, vingine vyenye kioo cha kugusa. Mwalimu mwenzangu alikuwa ametumwa na chama cha fasihi cha shule yake anunue kimoja. Alichokifanya ndicho tukifanyacho karibu sote. Aliuliza kipi kina gigabaiti nyingi zaidi na kipi ni bei nafuu zaidi, kisha akaanza kupekua mkoba.

Nilimshika mkono. Nilikuwa na sababu zangu, nami nitazieleza. Kwanza lakini tuweke wazi kwa nini katika zama hizi, ambapo simu hufanya kila kitu, mwalimu azungumzie kidude cha muziki peke yake.

Sababu iko mlangoni pa shule. Mwanafunzi wa bweni nchini Kenya haruhusiwi kubeba simu, na mimi si miongoni mwa wale wanaolilia marufuku hayo yaondolewe. Simu humletea mtoto ulimwengu mzima usiku wa manane, mema na maovu. Kicheza-muziki kisicho na intaneti kina kazi moja au mbili tu: kucheza sauti, na kama umechagua vyema, kunasa sauti. Ufinyu wake ndio unaokifaa kuingia darasani. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watoto wa vijijini walitegemea vipindi vya redio vya shule vilivyopeperushwa na Shirika la Utangazaji la Kenya. Kipindi cha redio kina desturi ya kupita kama matatu. Aliyekuwa akikama ng'ombe saa hiyo kimempita, na hakuna wa kumrudishia. Sauti iliyohifadhiwa humsubiri mwanafunzi, hata kama ni mzito wa kuelewa, hata kama anataka kurudia sentensi moja mara saba.

Tena chombo hiki si kigeni kama tunavyodhani. Walkman ya kwanza ya Sony iliuzwa Japani mwezi Julai 1979, na wengi wetu tuliosoma kabla ya karne kugeuka tunaikumbuka kanda iliyokuwa ikizungushwa kwa kalamu ya Bic ili betri isiishe. Mbinu ya kubana sauti iitwayo MP3 iliendelezwa zaidi na watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, na jina hilo la faili likaamuliwa mwaka wa 1995. Mwaka wa 1998 vicheza-muziki vya kwanza vya aina hiyo vikaingia sokoni, kimojawapo kikiwa Rio PMP300 chenye megabaiti 32 tu, yaani takriban nusu saa ya muziki. Kampuni za muziki za Marekani zilikimbilia mahakamani kukizuia, zikashindwa. Oktoba 2001 Apple ikatoa iPod, ikatawala dunia kwa miaka mingi, na mwezi Mei 2022 ikatangaza kwamba haitaiunda tena. Waliozika iPod walidhani wamezika aina nzima ya chombo. Laiti wangalifika Olenguruone wakaona vile vidude vilivyotundikwa kibandani!

Sasa nieleze kisa changu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mjini Nakuru kicheza-muziki chenye uwezo wa kunasa, pamoja na kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa gigabaiti 32. Kadi ilikuwa rahisi kupita kiasi, nami badala ya kushuku nikajisifu kuwa hodari wa kupatana bei. Niliijaza nyimbo zangu za starehe, kisha nikapanda matatu kupitia Molo na Keringet hadi kwa ajuza mmoja wa Kikipsigis ambaye wanafunzi wangu walikuwa wamenisimulia habari zake. Kogo, kama tulivyomwita sote, alikuwa na nyimbo za kubembeleza watoto na za arusi ambazo hata binti zake hawakuzijua zote. Aliimba kwa siku mbili, akipumzika kunywa mursik na kunicheka jinsi nilivyotamka maneno ya lugha yake. "Mwalimu," akaniambia kupitia kwa mjukuu wake, "hicho kijiwe chako kimeshiba?" Nikamwambia bado kina nafasi tele.

Kilikuwa kimeshiba zamani. Niliporudi nyumbani na kuketi kusikiliza, majina ya faili zote yalikuwapo, kila moja na tarehe yake na urefu wake. Nyimbo mbili za mwanzo zililia vizuri. Zilizofuata zilikuwa kimya kitupu, na nyingine zilikoroma kama redio iliyopoteza kituo. Nilirudi kwa mwuzaji, akainua mabega. Nilipanga kurudi kwa Kogo wakati wa likizo, na likizo ilipofika nikapata habari kwamba amekwisha kuzikwa.

Baadaye ndipo nilipojifunza jinsi hila hiyo inavyofanya kazi, na ningependa kila mwalimu aijue. Ndani ya kadi mna sehemu inayokiambia chombo ukubwa wa ghala. Walaghai huibadilisha sehemu hiyo ili kadi yenye gigabaiti 4, tuseme, iseme ni 32. Chombo huamini, huandika jina la faili kwenye orodha, lakini sauti yenyewe haina mahali pa kukaa: ama hupotea, ama hufunika ile iliyotangulia. Hakuna onyo lolote. Dawa yake ni ya jasho tu. Kabla ya kuiamini kadi mpya, ijaze hadi pomoni kwa faili zozote kutoka kwenye kompyuta ya shule, kisha fungua zile za mwisho na za katikati uone kama zinalia. Zipo pia programu za bure za kompyuta, mathalani H2testw, zinazofanya jaribio hilo zenyewe. Huchukua saa nyingi. Laiti ningalizitumia saa hizo!

Kwa hivyo swali la gigabaiti ngapi, ambalo mwenzangu alilianza, ndilo ningelitupa mwisho. Hebu tupige hesabu kidogo. Sauti ya MP3 iliyobanwa kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, na gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 130. Somo la kuzungumza tu, lisilo na ala, linaweza kubanwa hata nusu ya hapo na mwanafunzi asione tofauti. Chama cha fasihi kinahitaji ghala kubwa kwa ajili ya nini, ikiwa si majivuno? Isitoshe, kadi zinazozidi gigabaiti 32 huja zimepangwa kwa mfumo ambao vidude vingi vya bei ya chini haviusomi kabisa.

Kunasa ni jambo jingine. Huko usibane. Kinasa kinachoweza kuhifadhi sauti kwa mtindo wa WAV hula takriban megabaiti 10 kwa dakika kwa kiwango kile cha diski ya CD, lakini kinachokaa ni sauti nzima, pamoja na pumzi ya mwimbaji na kicheko cha mjukuu nyuma yake. MP3 huokoa nafasi kwa kutupa yale ambayo sikio la kawaida halitayakosa. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo huenda akayahitaji hayo hayo. Basi muulize mwuzaji kama kidude kinanasa kwa WAV, na usiridhike na jibu la mdomo. Nasa papo hapo, cheza, usikilize. Vingi vina kipaza sauti kilichochimbiwa ndani kinachosikia zaidi kidole chako kinavyokikwaruza kuliko mtu anayeimba mbele yako.

Betri, mahali kama Olenguruone, inashinda mambo mengine yote. Umeme hukatika, na bondeni na mlimani wapo wasiokuwa nao kabisa. Vidude vingi vya kung'aa vimezibwa. Betri ikifa, na chombo kimekufa. Vile vinavyodharauliwa, vyenye umbo la redio ndogo, mara nyingi hutumia betri ya BL-5C, ile ile ya simu ndogo za Nokia za zamani, ambayo fundi yeyote wa simu anayo. Unaweza kubeba mbili mfukoni. Baridi nayo hupunguza nguvu ya betri kwa muda, kwa hivyo siku ya utafiti iwe ndani ya shati, karibu na mwili. Wenye maduka makubwa Nairobi hawatakuambia hili.

Kuhusu masikio nitasema kwa ufupi, ingawa wazazi wangependa niseme sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asikilize kwa kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mtoto desibeli 75. Kidude cha bei rahisi hakina kipimo cha desibeli. Mwalimu atatumia kipimo cha kale: kama aliyeketi kando anasikia wimbo ulio masikioni mwa mwenzake, sauti imezidi.

Lipo pia suala la nyimbo zinazowekwa ndani. Kibandani pale utajaziwa kadi nzima ya wanamuziki wa Kikalenjin kwa shilingi chache, na mtunzi hapati hata senti. Walimu wanaofundisha watoto kutonakili insha za wenzao hawana budi kuwa na soni kidogo hapo.

Lakini nirejee kwenye kunasa, maana ndilo lililonifanya niandike. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipita Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akawanasa wasichana wakimwimba "Chemirocha". Walikuwa wamesikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, wakalipinda jina lake likawa lao, na wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Miongo sita na ushei baadaye nakala za dijitali za nyimbo hizo zikarudishwa Kapkatet, na wazee wakasikia sauti za ujana wa kijiji chao. Hilo liliwezekana kwa kuwa mtu mmoja alikuja na mashine nzuri na akaitunza kazi yake.

Olenguruone ina deni lake lenyewe. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni iliwapeleka huko Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine, ikawawekea masharti juu ya ardhi, wakakataa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, wengine wakapelekwa Yatta. Wanahistoria wameandika jinsi wahamishwa walivyotunga nyimbo juu ya masaibu hayo. Leo wakazi wengi ni Wakipsigis, na Waogiek wana kumbukumbu zao za msitu wa Mau zinazotangulia hizo zote. Je, ni nyimbo ngapi kati ya hizo, za kila jamii, ambazo mwanafunzi wa Kuresoi anaweza kuzisikia leo? Kila mwaka shule hukimbizana kutafuta nyimbo za kiasili kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, na kila mwaka anayezijua ni mzee mmoja zaidi aliyepungua. Kwaya hujifunza wimbo, hupata cheti, kisha wimbo husahaulika kwa kuwa hakuna aliyeunasa kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Mwenzangu alisikiliza yote hayo huku kijana mwuzaji akianza kunikunjia uso. Mwishowe alichukua kidude cheusi kisicho na taa, chenye betri ya BL-5C na kitufe chekundu cha kunasa, na kadi mbili za gigabaiti 8. Usiku ule tulizijaza zote mbili hadi pomoni kwenye kompyuta ya shule, tukasikiliza mpaka faili za mwisho. Moja ililia yote. Ya pili ilinyamaza kabla ya robo, na asubuhi tukairudisha kibandani kabla kijana hajafungua.

Likizo hii wanafunzi sita wa chama cha fasihi wataenda kwa mzee mmoja karibu na mashamba ya chai. Wamepewa daftari, kalamu, betri mbili, na agizo la kuicheza kila rekodi papo hapo, mbele ya mzee mwenyewe, kabla ya kumwaga.