Siku 45 za Mkulima wa Dutumi

Mkulima wa Dutumi, Wilaya ya Kibaha, akishindwa katika shauri la shamba mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapewi mwaka wa kufikiri. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inampa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, wala si tangu aliporudi kijijini kutafuta nauli na shauri la wazee.

Wako wanaodhani kwamba siku hizo zikipita mlango umefungwa. Sivyo. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu Mahakama Kuu kuongeza muda kwa sababu ya msingi, na ombi laweza kupelekwa kabla ya siku 45 kwisha au baada yake. Neno hilo “kabla” lina faida kubwa: aliyelazwa hospitali na kuona kwamba hatawahi, hana haja ya kungoja mpaka achelewe.

Lakini kuongezewa muda si sadaka. Ni hiari ya Jaji, nayo hiari hiyo ina kanuni zake. Mahakama ya Rufani ilizieleza katika maombi ya kampuni ya Lyamuya, Na. 2 ya mwaka 2010. Mwombaji atoe hesabu ya muda wote aliochelewa, nao usiwe wa kupita kiasi. Aonyeshe bidii, si uzembe. Na kama uamuzi anaoupinga una kasoro kubwa ya kisheria, hilo nalo litazamwe. Katika maombi Na. 3 ya mwaka 2007 Mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kusema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe. Siku moja! Basi anayeapa kwamba aliugua Machi ataulizwa Aprili alikuwa wapi.

Hapo ndipo wanyonge wengi hukwama. Cheti cha zahanati kimepotea. Nakala ya hukumu iliombwa kwa mdomo. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, huziondoa katika hesabu siku zinazohitajika kupata nakala ya uamuzi, lakini zitajulikanaje ni ngapi, ikiwa ombi halina tarehe wala muhuri? Na kusema “sikuijua sheria” hakumwokoi mtu.

Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ni ukatili. Hatuafikiani nao moja kwa moja. Aliyeshinda naye ni mkulima. Amepanda mikorosho yake, na si haki aitwe tena baada ya miaka mitano kwa kesi aliyodhani imekwisha. Hata hivyo, siku ni zile zile kwa jirani wa mawakili mjini na kwa mtu wa Dutumi, na hapo Serikali ina deni. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza. Basi haitoshi kumwambia aliyeshindwa kwamba haki ya rufaa ipo. Atajiwe tarehe yenyewe ya mwisho, iandikwe juu ya nakala yake, na karani ampe stakabadhi siku ile ile anapoiomba.