Mwenyeji Aonjaye Kwanza: Desturi ya Pombe na Sumu Isiyoonjeka

Katika vijiji vya uwanda wa Makonde, Chiwata ikiwa mojawapo, msimu wa korosho ni msimu wa mabibo pia. Mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichacha huwa uraka. Uraka ukichemshwa na mvuke wake kupozwa, hupatikana gongo, kileo kikali kilichopigwa marufuku.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwenyeji au mama muuza pombe hakumkabidhi mgeni kata kabla ya kuonja yeye mwenyewe mbele ya macho yake. Tendo hilo lilikuwa kiapo kisicho na maneno, kwamba ndani hamna sumu wala hila. Ndipo kata ilipozunguka.

Je, desturi hiyo yamlinda mnywaji wa leo? Yaweza kufichua sumu itendayo kazi papo hapo, lakini si methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wauzaji wasio waaminifu huichanganya katika vileo. Methanoli haitofautishwi na kileo cha kawaida kwa harufu wala ladha. Madhara yake huja pale ini linapoigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo huchafua damu na kuunguza neva ya jicho. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 24, au zaidi ikiwa imenywewa pamoja na pombe ya kawaida. Kwa hiyo mwonjaji huweza kuwa mzima jioni na kipofu kesho yake. Mwaka 2000 jijini Nairobi, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona.

Ndugu msomaji, ukiona ukungu machoni, ukitapika, ukiumwa tumbo au ukihema kwa kasi siku ya pili baada ya kunywa, usidhani ni uchovu wa pombe. Nenda hospitali mara moja, wala usijitibu kwa kunywa tena.

Nawe mhudumu wa afya, usiridhike na jibu kwamba mwenye pombe alionja na hakudhurika. Uliza saa ya kunywa, kisha uliza nani walishiriki chombo kile. Mpe mgonjwa rufaa mapema, kwani dawa ya kuzuia sumu na usafishaji wa damu hufaa zaidi kabla macho hayajaharibika. Waite wote walionyweshwa, ukianza na yule aliyeonja kwanza.